Mlio na Mvumo: Kwa Nini Raidi Moja Husikika Tofauti Dukani na Kanisani

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemfundisha dramu alinipigia simu jioni, amekata tamaa kabisa. "Mwalimu, ile raidi niliijaribu dukani ikawa tamu. Nimeifikisha kanisani imekuwa kelele tupu. Hawa watu wamenibadilishia?" Hakuna aliyembadilishia. Toazi lilikuwa lilelile na vijiti vilevile. Kilichobadilika ni chumba, na pamoja na chumba ukabadilika uwiano wa sauti mbili ambazo kila raidi huzibeba. Hapa Nairobi na pembezoni mwake, swali hili nimeulizwa Kayole, nimeulizwa Kawangware, nimeulizwa Rongai, na kila mara nimelijibu nusunusu kwa sababu jibu lake ni refu. Leo naliandika lote.

Raidi ni lile toazi kubwa linalokaa upande wa mkono wa kulia wa mpigaji, kwa kawaida inchi 20 hadi 22, ingawa zipo za 18 na za 24. Krashi, lile toazi jembamba la kishindo, hupigwa mara moja mahali wimbo unapogeuka, basi. Raidi hupigwa mfululizo, mamia ya mara katika wimbo mmoja, na bendi nzima hutembea juu yake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wapiga dramu wa jazi nchini Marekani walikuwa wakishika mwendo kwa ngoma ya mguu na haihati, yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu, mpaka miaka ya karibu na 1940 Kenny Clarke alipouhamishia mwendo huo kwenye toazi la juu, akaiacha ngoma ya mguu itie mikazo hapa na pale. Tangu hapo watengenezaji wa matoazi wakawa na kazi mpya: kupata toazi linaloweza kupigwa bila kupumzika na kila pigo likabaki linasikika peke yake.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyolifungua jambo hili vizuri kuliko matangazo yote ya matoazi niliyowahi kusoma: kulia na kuvuma. Anayesoma Zaburi ya 150 katika Biblia ya Kiswahili hukutana na matoazi ya aina zote mbili ndani ya mstari mmoja. Ncha ya kijiti inapogusa shaba unasikia "ting", kavu na fupi. Huo ni mlio. Chini yake na baada yake kuna "shaaa" inayotanda kama mvua ya mbali juu ya mabati. Huo ni mvumo. Mlio ndio unaomwambia mpiga besi pigo liko wapi. Mvumo ndio unaojaza nafasi kati ya pigo na pigo ili muziki usiwe mifupa mitupu. Mlio bila mvumo ni kugonga kifuniko cha sufuria. Mvumo bila mlio ni ukungu, na bendi inayotembea kwenye ukungu hupotezana. Uzito, ukubwa, aina ya shaba, alama za nyundo, mikato ya juu, kila utakachotajiwa dukani ni njia ya kuongeza kimoja na kupunguza kingine.

Ili kijana wangu aone sauti hizo zinatoka wapi, nilimpeleka Kamukunji Jumamosi asubuhi, kwa mafundi wa jua kali wanaotengeneza masanduku ya shule, majiko na makarai. Nilimwomba mzee mmoja bamba la bati jembamba ambalo bado halijakunjwa. Kwanza nikaligonga kwa ukucha: likatoa sauti ndogo, ikazimika. Kisha mzee akalishika pembeni akalitikisa, likanguruma kama radi ya Aprili. Bamba lilelile. Bamba linapopinda kidogo, kidogo kuliko unene wake lenyewe, kila mtetemo hubaki mahali pake. Likipinda kupita hapo, mitetemo mikubwa ya polepole huanza kuzaa midogo ya kasi, nayo huzaa mingine, mpaka bamba zima linachemka. Krashi hufanywa nyembamba makusudi ili ichemke kwa pigo moja. Raidi hufanywa nene kiasi kwamba ncha ya kijiti, kwa nguvu ya kawaida, haiifikishi kwenye kuchemka. Ukiipiga ukingoni kwa bega la kijiti, yaani pale kinaponenepa nyuma ya ncha, itafika.

Pale pale tukasikiliza nyundo. Fundi wa pili alikuwa akifua bamba liwe karai, na kadiri bonde lilivyozama ndivyo sauti ilivyopanda. Bamba bapa lilisema "bwa". Lililokwisha kufinyangwa likasema "teng". Umbo la kupinda hulipa bamba ukakamavu ambao halikuwa nao. Mgongo wa raidi, yaani ile sehemu pana kati ya nundu ya katikati iitwayo kengele na ukingo, hufuata sheria hiyohiyo. Mgongo ulioinuka hutoa sauti ya juu inayotoka upesi. Mgongo uliolala hutoa sauti ya chini, nzito, inayochukua muda kidogo kufunguka. Kijana wangu alikuwa amecheza miaka mitatu bila kuutazama mgongo wa toazi lake kutoka ubavuni, na hakuna aliyewahi kumwambia autazame.

Sasa unene, na hapa ndipo watu wengi hupotoshwa na namba ya inchi. Katika bamba bapa, sauti hupanda kadiri unene unavyoongezeka na hushuka kwa mraba wa upana. Chukua raidi mbili zenye unene sawa, moja ya inchi 20 na nyingine ya 22: ile kubwa itashuka sauti kwa kama moja ya sita. Lakini eneo lake limezidi kwa asilimia 21, kwa hiyo uzito nao unazidi hivyo. Kilo 2.1 kwenye inchi 20 ni unene uleule wa kilo 2.54 kwenye inchi 22. Maana yake, raidi ya inchi 22 yenye kilo 2.3 ni nyembamba kuliko ya inchi 20 yenye kilo 2.1, hata kama mkono ukiinyanyua unakuambia vingine. Tunazungumzia bamba lenye unene wa wastani wa milimita 1.2 hivi, linalopungua kuelekea ukingoni, kwa hiyo tofauti ya gramu 200 si ndogo. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wangu wapime. Yangu niliipima kwenye mizani ya muuza nyama wa mtaani kwetu, mara tatu, nikaandika uzito kwa kalamu ya wino mzito chini ya kengele. Matoazi mengine huja na gramu zimeandikwa tayari.

Kwa kipimo ninachotumia mimi, raidi ya inchi 20 iliyo chini ya kilo 1.9 ni nyembamba, kati ya 2.0 na 2.3 ni ya wastani, na ikipita 2.5 ni nzito. Nyembamba ina sauti ya chini, hufunguka upesi na kuvuma hata ukiigusa kwa upole, lakini ukiongeza nguvu mvumo humeza mlio. Nzito hulia kwa uwazi mkubwa na sauti ya juu, haichemki upesi, na sauti hiyo ya juu huendelea kulia muda mrefu baada ya kijiti kuondoka. Watu husema nzito ni ya kupiga kwa nguvu na nyembamba ni ya kupiga kwa upole. Kuna ukweli humo, lakini kauli hiyo inasahau chumba, na chumba ndicho kilichonigharimu mimi.

Raidi yangu ya kwanza ya kununua kwa jasho langu ilikuwa nzito, inchi 20, kilo 2.7. Niliichagua kwa sababu ilikuwa ya sauti kuliko zote dukani, na nilidhani sauti ndiyo ubora. Jumapili ya pili mama anayefundisha kwaya alinishika mkono baada ya ibada akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sauti ya pili siisikii tena." Nilidhani anazungumzia nguvu ya mikono, nikapiga polepole zaidi. Haikusaidia. Toazi lilikuwa linalia palepale juu ambapo herufi za "s" na "t" za waimbaji hukaa, na lilikuwa haliachi kulia. Lilikuwa limesimama mbele ya maneno ya wimbo. Nililitumia miaka miwili kabla ya kuelewa, na kwa miaka miwili hiyo kwaya ile iliimba ikipigana nami. Hilo bado linaniuma.

Kuhusu madini yenyewe nitakwenda haraka, kwa sababu watu huyapa uzito kuliko yanavyostahili. Matoazi mengi ya kazi hutengenezwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, lile madini lenyewe na si mabati ya paa. Mchanganyiko wa zamani una asilimia 80 ya shaba na 20 ya bati. Ukiwa baridi huvunjika kama kigae, kwa hiyo hufanyiwa kazi ukiwa moto mwekundu kisha huzamishwa majini, na hapo ndipo hulainika kiasi cha kupokea nyundo. Ndio ambao familia ya Zildjian, Waarmenia wa Constantinople, iliufanyia kazi tangu mwaka 1623 kabla ya kuuhamishia Marekani mwaka 1929. Mchanganyiko wa pili una asilimia 92 ya shaba na 8 ya bati. Huja katika mabamba yaliyokwisha kubanwa kiwandani, na sauti yake huwa angavu na iliyonyooka. Wa tatu ni brasi, shaba na zinki, ambao hujaza seti za bei nafuu. Wengi watakuambia kuwa asilimia 8 ni ya wanaoanza. Si kweli. Paiste wa Uswisi walitoa matoazi yao yaitwayo "2002" kwa mchanganyiko huo mwaka 1971, na yamepigwa kwenye majukwaa makubwa kabisa ya roki duniani. Brasi tu ndiyo ninayomshauri mtu asiweke akiba kwa ajili yake, kwa sababu mlio wake ni butu na mvumo wake hufa upesi.

Nyundo na mashine ya kukereza hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila pigo la nyundo huacha sehemu ndogo iliyokazwa katikati ya sehemu zilizolegea. Alama zikiwa za mashine, zimepangwa sawasawa, mitetemo husafiri kwa utaratibu na sauti huwa safi. Zikiwa za mkono, za kina na zisizolingana, kila kona ya toazi hutetemeka kivyake, na sauti huwa ya giza, imejaa vitu, na kavu zaidi. Kisha toazi hukerezwa: kisu hukata ile mifereji myembamba ya duara unayoihisi kwa ukucha, huku kikipunguza unene. Sehemu isiyokerezwa hubaki na ngozi nene ya rangi ya udongo, na hiyo hunyamazisha mvumo. Ukiona raidi iliyokerezwa mgongo tu, na kengele ikaachwa nyeusi, jua fundi alitaka mvumo ubanwe. Ninaipenda kazi ya namna hii kuliko zote. Ukiipiga unasikia kijiti, si shaba.

Kengele ya katikati ikiwa kubwa huongeza nguvu na kuurefusha mvumo. Ikiwa ndogo hukausha. Zipo raidi zisizo na kengele kabisa, bapa juu mpaka shimoni, ambazo Paiste walizitoa miaka ya 1960. Hulia kwa upole bila mvumo kupanda, na marehemu Roy Haynes, mpiga dramu wa jazi, alionyesha uzuri wake. Kwa chumba kidogo ni dawa, ila kwenye bendi yenye magitaa matatu hazifiki popote. Pia zipo zilizotobolewa na kutiwa ribiti (pini fupi za chuma) chache zinazocheza kwenye mashimo yake na kuacha mchirizo wa sauti baada ya kila pigo. Usitoboe ya kwako. Ning'iniza mkufu mwembamba wa chuma juu ya mgongo wake, utapata karibu kitu kilekile, na siku ukichoka unauondoa.

Turudi basi kwa kijana na kelele yake. Dukani katikati ya jiji alikaa nusu mita kutoka kwenye toazi, katika chumba kidogo kilichojaa mifuko ya magitaa, makasha na watu. Vitu hivyo vyote hunywa sauti. Mlio ulimfikia moja kwa moja na mvumo ukanywewa. Kanisani kwao kuna sakafu ya saruji, kuta za mawe yasiyopigwa plasta, viti vya plastiki na paa la mabati. Mlio ni mfupi, hivyo unapomwacha mpigaji na kusafiri mita 15 hupungua nguvu kila hatua. Mvumo hauishi: ukuta huurudisha, mabati huurudisha, na kabla haujazimika pigo la pili limeuongezea mwingine. Waumini wa nyuma walipata mvumo mtupu. Tena alikuwa ameijaribu Jumamosi ukumbi ukiwa mtupu, wakati ambao hali huwa mbaya zaidi, kwa maana mwili wa mtu ni mnywaji mzuri wa sauti. Ukumbi uliojaa watu 300 si ukumbi ule wa mazoezi.

Mimi kwa kanisa la mabati nachagua inchi 20 au 21 ya wastani, kavu, iliyofuliwa kwa kina, ya sauti ya chini. Wakati wa sifa natumia katikati ya mgongo ambako mlio ni safi, na wakati wa kuabudu nasogea kuelekea ukingoni ili mvumo upande taratibu chini ya waimbaji. Kwenye rumba mambo ni mengine. Mwimbaji akiwa bado anasimulia, mimi hubaki kwenye haihati na ukingo wa sneya, ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikifunguka huhamia kwenye kengele ya raidi, kwa hiyo nataka kengele yenye sauti moja iliyo wazi, inayopenya katikati ya magitaa bila kuzomea. Kwenye benga nakuwa mwangalifu zaidi. Gitaa la kwanza la benga hukaa juu na huenda mbio, noti moja moja, na ndilo moyo wa muziki wenyewe. Raidi angavu hukaa sebuleni mwake. Nimewahi kusikia bendi nzuri, yenye mpiga gitaa hodari, ambapo nusu ya noti zake zilizama kwa sababu ya toazi moja. Kwa benga nataka raidi ya inchi 22, nyembamba kidogo, ya sauti ya chini, yenye kengele ndogo, na naipiga kwa ncha tu.

Unapokwenda kununua, beba vijiti vyako. Ncha ya mbao hutoa mlio wa joto na ya nailoni hutoa mlio mkali zaidi, na ukijaribu kwa vijiti vya duka unasikia vijiti vya duka. Piga mwendo mmoja, ule unaoupiga kila Jumapili, kwa dakika mbili nzima bila kuongeza nguvu. Toazi lolote husikika vizuri kwa mapigo manne. Sikiliza dakika ya pili: je, mvumo umetulia mahali fulani, au unazidi kupanda? Kisha mpe rafiki vijiti, ukasimame mlangoni, ikiwezekana nje kabisa kando ya barabara. Anayesikia raidi kutoka kwenye kiti cha dramu ni mtu mmoja tu. Kama ni ya mtumba, pitisha kidole ukingoni kote na utazame shimo la katikati: likiwa limelika likawa kama yai, toazi hilo limekaa muda mrefu kwenye chuma kitupu bila mpira, na ufa hupenda kuanzia hapo. Nyumbani usikaze nati hadi mwisho. Raidi inayobanwa hailii vizuri, na nguvu isiyopata pa kutokea hatimaye hupasua shaba.

Yule kijana hakuwa na fedha za kununua nyingine. Tulibandika vipande viwili vya tepu ya kitambaa upande wa chini, kila kimoja urefu wa kidole, tukavisogeza hadi mvumo ukapungua bila mlio kuwa butu. Tukatandika zulia chini ya seti nzima, na tukamwomba mzee wa kanisa ruhusa ya kutundika mapazia mazito ukutani nyuma ya dramu. Maikrofoni za kwaya zilikuwa zimeelekea kwenye toazi, tukazigeuza. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na nikasikia "ting" ya kila pigo. Miezi michache ikipita huenda akabadilishana na mwenzake wa mtaa wa Umoja mwenye raidi kavu zaidi, wako kwenye mazungumzo.

Na ile yangu ya kilo 2.7 bado ninayo. Hutoka kwenye mfuko wake mara mbili tatu kwa mwaka, siku za mkutano wa injili uwanjani. Hapo hakuna ukuta wala paa, mvumo wowote hupotelea hewani, na raidi nyembamba husikika kama karatasi. Yangu hulia mpaka ng'ambo ya barabara, kwa mama anayechoma mahindi.